Mkalimani wa Mdandu na Neno "Fair"

Elieza alijifunza Kiingereza mara mbili: kwanza shule ya misheni, kisha barazani Njombe, ambako kwa miaka mingi alisimama kando ya bwana shauri, mkuu wa wilaya Mwingereza, akigeuza Kibena kuwa Kiingereza na Kiingereza kuwa Kibena. Barazani ndipo lilipomkaa kichwani neno "fair". Bwana shauri alilitumia kutwa, na kila mara lilikuwa na maana moja tu: haki.

Vita Vikuu vya Pili vilipopamba moto, Waingereza walileta wakimbizi kutoka Ulaya, wakawajengea kambi upande wa Makambako. Elieza, mtu wa Mdandu, akachukuliwa kuwa mkalimani wa zahanati yao, kati ya Waingereza na wahudumu wenyeji. Wengi walikuwa Wapolandi, lakini mama mmoja, Vera, lugha yake ilikuwa Kirusi. Mumewe alikuwa amefia njiani, akabaki na binti mdogo, Nadia. Kiswahili alikipata upesi kwa akina mama waliomuuzia viazi. Kiingereza ndicho kilichomtesa.

"Bwana Elieza," alimwambia siku moja, amekunja uso, "mwalimu wa Kiingereza hapa kambini anasema nywele za Nadia, hizi za rangi ya dhahabu, ni fair. Anga leo, halina wingu, nalo ni fair. Tena bwana mkubwa wa kambi ni mtu fair. Kwetu, kwa Kirusi, kila jambo hapo lina neno lake. Hawa Waingereza wamepungukiwa maneno?"

"Kibena nacho ni hivyo hivyo, kila jambo na neno lake," Elieza alimjibu. "Mimi najua maana moja tu, Mama Nadia. Ni haki. Hizo nyingine muulize mwalimu wako."

Mwezi wa Juni, baridi imekaza, Nadia akashikwa na kichomi. Daktari Mwingereza alikuja kutoka Njombe, akamsikiliza kifua, akasema maneno machache huku akivaa koti. Elieza alisikia "fair", kisha tena, "only fair". Alisita. Alipotaka kuuliza, daktari alishatoka nje.

"Anasemaje?" Vera aliuliza.

"Anasema hali ya mtoto... ni ya haki. Ni haki tu."

Vera alimtazama kama mtu aliyepigwa kofi. "Haki? Baba yake tulimzika kwenye theluji. Sasa huyu naye anashindwa kupumua, halafu ni haki? Tumemkosea nani?"

"Ngoja, Mama Nadia, huenda..."

Hakungoja. Alimfunga mtoto blanketi, akatoka naye kwenye manyunyu, akashika barabara ya Makambako kutafuta lori la kumpeleka kwa daktari mwingine. Elieza alikimbilia gari la daktari, akalikuta linagoma kuwaka.

"Bwana, ile fair uliyosema ina maana gani?"

"Si nzuri, si mbaya sana. Wastani," daktari alijibu kwa kukereka. "Wewe ni mkalimani wa namna gani?"

Elieza alitaka kumuuliza kwa nini hakusema hivyo tangu mwanzo. Akameza maneno, akageuka mbio. Alimkuta Vera amechutama kando ya barabara, ameloa, lori hakuna.

"Nimekosea, Mama Nadia. Amesema wastani. Anaweza kupona."

"Ilikuwa nywele," Vera alisema. "Ikawa haki. Sasa ni wastani. Kesho mtaniambia ni nini?"

 Elieza alimpokea mtoto, wakarudi zahanati.

Baridi ile ilimzidishia Nadia ugonjwa. Alipona, lakini ilichukua miezi, na tangu hapo hakuweza kukimbia na wenzake. Vera hakumlaumu Elieza mbele ya watu. Ila kila alipokuja zahanati alimtafuta mhudumu Konsolata amtafsirie, ingawa Konsolata alikijua Kiingereza kidogo tu. Hilo lilimuuma Elieza kuliko matusi.

Akaanza kuwasimamisha Wazungu katikati ya maneno: "Kwa maana ipi, bwana?" Wakamchoka. Wakasema anawapotezea muda. Naye akawachoka, akaacha kazi, akarudi Mdandu kulima ngano.

Vita vilipokwisha, Konsolata alipita kumsalimu, akamweleza kuwa Vera na binti yake wameondoka kwa lori. Wanapelekwa Uingereza.

Elieza aliweka jembe chini.

"Na kifua cha mtoto?"

"Bado kinamsumbua," Konsolata alisema.