Wimbo Uliofukuza Ndege wa Mtama

Mimi ni shabiki wa roki progresifu, na hapa Nakivale, kambi ya wakimbizi ya Uganda, nadhani niko peke yangu. Ni zile nyimbo za Wazungu wenye nywele ndefu ambazo hazina haraka: zinaanza na filimbi, zinapita kwenye kinanda, zinapotea kabisa, halafu zinarudi wakati umeshasahau zilianzia wapi. Wimbo mmoja unaweza kumaliza upande mzima wa kaseti. Baba yangu, mwalimu wa Uvira, Kongo, alizirekodi kutoka santuri za padri mmoja, nami nimeendelea kukusanya kwenye meza za mitumba Mbarara. Mama mkwe wangu, tunayeishi naye Misiera, hazipendi hata kidogo. Swali lake ni lilelile kila siku: "Hii wimbo inaishaka siku gani?"

Kaseti zangu nyingi hazinipi wasiwasi. Nikijua jina la bendi, naliandika kwenye simu na wimbo unakuja. Ila moja ya baba, yenye wimbo mmoja mrefu, haina jina. Mvua ya safari ya kukimbia vita ilifuta mwandiko wake wote, na baba alikuwa ameshafariki, kwa hiyo hapakuwa na wa kumuuliza. Nimeuimba mbele ya simu kama mwendawazimu, simu haikuutambua. Huo ukipotea, umepotea moja kwa moja.

Ndiyo maana redio yangu ya kaseti ilipoanza kutafuna utepe, niliipeleka kwa fundi wa Ruti, kule Mbarara. Nilibeba kaseti ya mahubiri ya kujaribia, maana mali yangu siiweki kwenye mashine mbovu. Nikirudi, nilitaka niurekodi wimbo wa baba kwenye simu, nipumue. Fundi akabadilisha mpira wa ndani, mhubiri akanguruma vizuri, nikarudi nyumbani na furaha yangu.

Nikakuta nyumba imekonda. Godoro hakuna, sufuria kubwa hakuna, hata kuku hawapo. Mama mkwe amekaa mlangoni na kitenge chake cha kanisani, uso wote meno.

"Mwanangu, tumetoka! Jina ya bwana yako iko ku tablo. Tunaenda Amerika! Nimegawia bajirani bitu, basiseme tuko bachoyo."

Tablo ni ubao wa matangazo ambako hubandikwa majina ya wanaopelekwa kuishi ng'ambo. Hapa kambini ni desturi. Anayeitwa kusafiri hugawa vyombo kabla ya kuondoka, na anayechelewa kugawa husemwa mpaka ndege ipae. Lakini mama hasomi. Habari aliletewa na majirani, na jina la mume wangu wanalo wanaume kadhaa katika kambi hii. Mume wangu alikuwa Oruchinga, kambi nyingine, kwa kaka yake. Nikampigia simu, akasema jina lile ni la seremala mmoja wa upande wa ziwani, na kwamba ameshampongeza.

Mama akashika mdomo. Nilimhurumia, lakini godoro na Amerika vilikuwa mbali na mawazo yangu.

"Mama, na ile katoni ya kaseti?"

"Nilipatia ule Murundi wa mtama. Aliombaka kitu ya kufukuzia ndege."

Utepe wa kaseti ukitandazwa juu ya shamba humetameta na kuvuma kwa upepo, na ndege huogopa kutua. Nilikimbia, kitenge kikafunguka njiani, nikakifunga hukohuko nikienda.

Utepe nikauona kwa mbali, wa kahawia, umepita kijiti hadi kijiti juu ya mtama wote. Jirani yetu alikuwa amesimama pembeni akiifurahia kazi yake. Nikaipekua katoni. Kaseti zote zilikuwa nzima isipokuwa moja, na sikuhitaji kuambiwa ni ipi.

"Nilichagua hii haina maandiko, mama," akaeleza kwa upole. "Nikasema, hii haina kitu ndani."

"Umeikata?"

"Hapana. Ukiikata hailie muzuri. Ni moja tu, toka mwanzo mpaka mwisho."

Nilipiga kelele za kumshukuru Mungu, na ndege waliokuwa hawaogopi utepe wakaniogopa mimi. Moyo wangu ulikuwa mwepesi, nikacheka mpaka yule bwana akanitazama kwa mashaka.

Tukaanza kuurudisha. Mimi nilitia kalamu kwenye tundu la kaseti na kuzungusha, yeye akatembea kijiti hadi kijiti akifungua mafundo, akiufuta utepe kwa shati lake, akiuinua usikwaruzwe na majani. Tulipomaliza akauliza, "Sasa ndege zangu?" Nikamwachia kaseti zenye majina, bendi kubwakubwa ambazo shabiki mwenzangu angenichapa kwa kuzitoa. Hizo simu inazijua.

Jioni mume wangu alirudi. Majirani nao walikuwa wamerudisha sufuria, bila hata kuombwa, na mama akapika maharage kimyakimya. Niliweka simu karibu na redio, nikaanza kurekodi. Kila mahali palipofungwa fundo sauti ilipinda kidogo, kama mtu anayemeza mate. Halafu kinanda cha wimbo wa baba kikaingia, na machozi yakanitoka bila kujificha.

Chakula kikaiva kabla ya wimbo kuisha. Mume wangu akanyoosha mkono aizime redio ili tuombe. Mama mkwe akamshika mkono.

Siku hizi nausikiliza kwenye simu, na nimeuweka sehemu nyingi nisiupoteze tena. Kabla ya filimbi ya mwisho, kinanda kikiwa chini kabisa, unamsikia mama mkwe waziwazi: "Acha kwanza iishe."