Majani Niliyoiba kwa Jirani

Mimi ni mtu wa fagio. Nilikozaliwa, magharibi mwa Kenya, msichana aliyepika chai kabla ya kufagia uwanja alikuwa anatafuta maneno. Uwanja ulifagiwa mpaka udongo ukabaki na mistari ya fagio tu, na mgeni akifika, kabla hata ya kusalimia, alitupa macho chini akajua nyumba hii ina watu wa namna gani. Majani makavu mlangoni yalimaanisha kuna mgonjwa au kuna mvivu, na kwetu mgonjwa hakuwepo.

Kwa hiyo tulipopata nyumba ya chini huku Uswidi, mtaa wa Farsta, yenye uwanja mdogo wa nyuma unaotosha meza moja na viti vinne, nilijua la kufanya. Vichaka viwili nilivyovikuta niliving'oa, nikatandika matofali ya saruji kutoka ukuta hadi ukuta. Nilifagia kila Jumamosi, na majani yalipoanza kuanguka nikaongeza Jumatano. Jani likipeperuka kutoka kwa jirani halikulala kwangu. Mume wangu ni Mkongo wa Bukavu, anaendesha basi na hana muda wa mambo ya majani, lakini siku moja alisema uwanja wetu unafanana na sakafu ya hospitali. Nilimshukuru, maana nilidhani ananisifu.

Jirani yetu wa mkono wa kulia ni mzee wa Kiswidi anayeishi peke yake, na bustani yake ilikuwa inanitia simanzi. Kulikuwa na matawi yaliyorundikwa ovyo, mabua ya maua yaliyokufa tangu mwaka juzi, na kwenye kona, chini ya mwaloni, rundo la majani lililonifika kiunoni. Nilijiambia, maskini, hana mtoto wa kumfagilia. Mwaka wetu wa kwanza nilivuka na fagio langu nikamweleza, kwa Kiswidi changu chote, kwamba ninaweza kumsafishia bure, leo hii. Alinishukuru mara tatu. Kisha akasogea polepole mpaka akasimama mbele ya lile rundo, na hapo akabaki mpaka nilipoondoka.

Haya yote yangekaa kimya kama si shule. Binti yetu alikuwa na miaka saba, na mwezi wa nne ulikuwa ndio kwanza unaanza. Waswidi huanza kutafuta dalili za majira ya kuchipua hata theluji haijaisha vizuri kwenye vivuli. Wana neno lao la dalili hizo, vårtecken, na hulitamka kwa furaha ambayo mimi nimeiona kwenye harusi tu. Mwalimu aliwapa watoto karatasi yenye nafasi ya kuchora na kuandika kiumbe mmoja, ndege au mdudu au mnyama. Sharti lilikuwa moja: uwe umemwona kwa macho yako, nyumbani kwenu. Karatasi zingebandikwa ukutani kabla ya mkutano wa wazazi.

Mtoto mmoja alirudisha yake kesho yake, ameona nyuki mnene mwenye manyoya. Mwingine aliona kipepeo wa manjano. Binti yangu alikaa dirishani na darubini yake ya plastiki, akayatazama matofali. Akakaa siku ya pili, na ya tatu.

“Det är för rent, mamma,” aliniambia mwishowe. Ni pasafi mno.

Nimeambiwa mengi maishani lakini tusi la namna hiyo lilikuwa geni kwangu. Nilimjibu kwamba mimi nimekua nikifukuza ngedere kwenye mahindi, na kwamba siwezi kuzaa mtoto wa kushindwa na mtu aliyeona nyuki. Alinitazama kwa huruma, akarudi kwenye darubini.

Jumamosi nilimwaga makombo ya chapati juu ya matofali ili ndege waje. Kabla ndege hawajapata habari, akafika mama mkwe wangu kutoka Hagsätra. Mama huyu ni mtu wa fagio kuliko mimi, na nadhani ndiyo sababu alikubali mwanawe aoe Mkenya.

“Mama, hii njo nini hapa chini?” aliniuliza.

“Ni chakula ya ndege, mama. Ni mambo ya shule.”

“Ndege banasoma?”

Alikuwa ameshashika fagio. Dakika tano baadaye hapakuwa na kombo hata moja, na mimi, kwa aibu yangu, niliona pamependeza.

Ijumaa iliyofuata binti yangu hakukaa tena dirishani. Karatasi ilitakiwa Jumatatu. Asubuhi hiyo, akivaa viatu, aliniuliza polepole kama anaweza kuandika ndege aliyemwona kwa rafiki yake, halafu aseme ni kwetu. Hapo roho iliniuma kweli. Mtoto wa miaka saba alikuwa anapanga uongo kwa sababu ya usafi wangu. Nilimwambia asidanganye, Mungu hapendi. Nikamfikisha shule, nikarudi nyumbani, nikaenda kuiba.

Ningeweza kuomba, najua. Lakini ningemwambiaje mtu niliyemwonea huruma kwa takataka zake kwamba sasa naomba anigawie kidogo? Saa nne asubuhi mzee huenda kuogelea. Nilichukua ule mfuko mkubwa wa bluu tunaobebea nguo za kufua, nikapita kwenye lango lake dogo, nikainama chini ya mwaloni na kuanza kuzoa. Mama mmoja alipita njiani na mbwa wake, akasimama kuniangalia. Nilimsalimia kwa sauti kubwa, kama mtu aliyetumwa na serikali, akaendelea na safari yake. Mfuko wa kwanza ulikuwa mwepesi. Wa pili niliuzoa chini kabisa, ukawa mzito hata nikauburuta. Nikasema moyoni, majani ya chini yamelowa.

Nilimwaga mzigo wote kwenye kona ya uwanja wangu. Lilikuwa rundo zuri la uchafu, na kuliangalia tu kuliniwashia mikono. Ilibidi nifunge pazia ili nisilifagie.

Jumapili tukitoka ibadani mama mkwe alikuja nasi kula. Mume wangu alikwenda kazini, na mimi nilikuwa jikoni nikikaanga samaki niliposikia sauti ya mama mkwe kutoka nje.

“Mais, uko mugonjwa? Bantu batasema nini?”

Nilitoka mbio na mwiko mkononi, binti yangu nyuma yangu. Mama alikuwa amelikabili rundo, fagio limeinuliwa. Alilipiga mara moja, na rundo likakoroma.

Tukasimama wote watatu. Majani yakasogea, ikatoka miiba, kisha ikatoka pua ndogo nyeusi yenye unyevu, ikatunusa mmoja mmoja. Alikuwa kalunguyeye, ambaye Waswidi humwita igelkott, amekonda, ana usingizi, na hasira ya mtu aliyeamshwa kwa fagio. Binti yangu hakupiga kelele. Aliziba mdomo kwa mikono miwili, machozi yakamtoka kwa furaha, akaingia ndani kufuata karatasi.

“Hana nyama hata kidogo,” mama mkwe alisema, fagio likishuka. “Huyu hakula tangu lini? Lete maziwa.”

“Inte mjölk, koko,” binti yangu alimpazia bibi yake sauti kutoka ndani. Si maziwa. Shuleni waliambiwa maziwa humharibu tumbo. Kwa hiyo mama akamletea samaki wangu, akamchambulia mifupa kwa vidole, jambo ambalo kwa mjukuu wake aliliacha tangu atimize miaka mitatu.

Tulikuwa hapo, binti amelala kifudifudi juu ya matofali anachora, mama akimsemesha mgeni kwa Kiswahili cha Bukavu, nilipomwona jirani amesimama upande wa pili wa uzio. Mkononi alikuwa na kisahani cha chakula cha paka, na paka hana. Kutoka alipokuwa hakuweza kuona kona yetu. Aliniuliza kama nimemwona kalunguyeye wake. Kila mwaka hulala ndani ya rundo lile, alisema, na yeye na marehemu mkewe walikuwa na desturi ya kumsubiri aamke ndipo waamini kwamba baridi imekwisha. Sasa rundo limepungua nusu na kitanda chenyewe kimetoweka. Alidhani ni mbweha.

Nilijua hapo hapo ule mfuko wa pili ulikuwa mzito kwa sababu gani. Nikasema labda ni upepo.

Mama mkwe hakuelewa neno hata moja, lakini mgeni mlangoni ni mgeni. “Papa, kuya uone,” alimwita kwa mkono. “Tuko na mugeni.”

Mzee akazunguka, akaingia langoni. Alimtazama kalunguyeye kwa muda. Akayatazama majani. Kisha akainua uso akazungusha macho uwanjani kwangu, akitafuta mti. Yale yalikuwa majani ya mwaloni, na kwangu hapakuwa na mwaloni, wala mti wowote, wala mchicha.

“Jaha,” alisema, ndiyo “kumbe” ya Kiswidi.

Nilitubu. Nilimweleza yote, karatasi, usafi wangu, mfuko wa nguo, na uongo wa upepo, nikimtazama viatu. Binti yangu alikuwa ameacha kuchora. Alielewa kabla sijamaliza kwamba mnyama hakuwa wetu, akachukua kifutio, na mkono wake ukabaki hewani juu ya karatasi. Kama ningeweza kurudisha Ijumaa ningeirudisha saa ile.

Mzee aliweka kisahani chini, kando ya samaki. Alisema kiumbe akishahamishwa mara moja inatosha, abaki alipoamkia. Aliomba tu aruhusiwe kuja jioni kumtazama, na kwamba fagio, kama inawezekana, lipumzike mpaka mwezi wa sita. Nilikubali, ingawa lile la fagio nililikubali kwa taabu. Binti yangu akamuuliza kama sasa inahesabika kuwa amemwona kwetu. Alijibu kwamba hilo ni la mwalimu, lakini yeye binafsi amemwona hapa. Mtoto akarudi kwenye karatasi, akaandika kwa muda mrefu akiwa ameifunika kwa mkono.

Mkutano wa wazazi ulikuwa Jumatano. Karatasi zilikuwa ukutani, nyuki wanne, vipepeo, ndege wengi weusi wenye midomo ya njano. Ya binti yangu ilikuwa katikati, na wazazi watano walikuwa wameizunguka na vikombe vya kahawa, wanasoma. Alikuwa amechora kalunguyeye, mfuko wa bluu, na mwanamke mrefu mwenye meno mengi anayeuburuta. Chini aliandika kwa herufi kubwa: Igelkott. Mamma stal den. Kalunguyeye. Mama alimwiba.

Nilitafuta mlango. Kabla sijaufikia, mkono mdogo ulinishika. Shuleni binti yangu hutembea hatua kumi mbele yangu ili watu wasijue tumekuja pamoja, na hajawahi kunitambulisha kwa mtu. Siku hiyo alinivuta mbele ya wenzake watatu, akanisimamisha katikati yao, akasema kwa Kiswidi kwamba huyu ndiye. Walinikagua kutoka viatuni hadi kichwani. Mmoja wao, msichana mwenye mapengo mawili, akaniuliza kwa adabu kama ninaweza kumpatia kindi.

Binti yangu alimjibu kabla sijafungua mdomo. Alisema haiwezekani, mama yake huiba kwa ajili yake tu.