Mzee Alipotaka Kuozesha kwa Sauti Yake

Mimi kusema nasema sana, hilo hata mume wangu alilijua tangu ananioa. Alikuwa akiniambia, "Wewe mwanamke ungekuwa redio, ningeshakutoa betri." Namjibu, "Na wewe ungekuwa jogoo tungeshakuchinja, maana huwiki." Tunacheka, tunaendelea kupalilia mpunga wetu hapa Magole. Basi Mungu naye ana yake. Kati yetu wawili, aliyenyang'anywa sauti ni yule aliyeitumia kidogo.

Ilianza kukwaruza. Akiita kuku, unadhani mtu anaparua sufuria. Mwezi wa kwanza, wa pili, na mafua hana. Mimi nikasema, "Mzee, hicho ni kimeo." Sisi huku mtu sauti ikikauka tunasema kile kinyama kinachoning'inia nyuma ya kinywa kimerefuka, kikatwe. Nikampeleka Dumila kwa fundi wa vimeo. Kichwa nilikishika mwenyewe. Fundi akaingiza kisu chake kilichopinda, mzee akatema damu kwenye beseni. Sauti haikurudi. Fundi akasema kimeota tena. Tukarudi, nikashika kichwa tena. Miezi inakwenda.

Hospitali tulikwenda aliposhindwa hata kuvuta pumzi, analala amekaa. Kilosa wakatupeleka Morogoro. Daktari wa huko ni binti mdogo, lakini ana adabu, shikamoo yake kwanza ndiyo mengine. Nikamuuliza, "Mwanangu, sauti ya mtu inakaa wapi?"

"Bibi, weka mkono kooni, useme aaa."

Nikasema. Koo likatetemeka kama mashine ya kusaga.

"Sasa pumua tu, usiseme."

Kimya.

"Humo ndani kuna ngozi mbili laini, zimekaa kama midomo. Ukivuta pumzi zinaachana, hewa ishuke mapafuni. Ukitaka kusema zinasogeleana, pumzi inayopanda inazipiga, zinatetemeka, hiyo ndiyo sauti. Ulimi na midomo ya nje ndiyo inaifanya iwe maneno. Hebu bana midomo upulize."

Nikapuliza, brrr, mate yakamrukia kwenye koti. Akacheka, na mimi nikacheka, hata mzee pale kitandani mabega yalimtikisika.

"Sasa na kimeo?" nikauliza.

"Kimeo kiko juu, bibi. Hakihusiki. Mzee ana uvimbe kwenye ngozi mojawapo, ndiyo maana hazikutani. Mngekuja mapema..." Akaishia hapo.

Kicheko kikanikauka. Kumbe tulikuwa tunakata darini, moto uko jikoni.

Wakamtoboa shingo chini ya huo uvimbe, wakamwekea kibomba apumulie. Akapona kukabwa, lakini pumzi ikawa inatokea njiani, haifiki kwenye zile ngozi. Anafungua mdomo, maneno hamna. Kuandika hajui, na mimi najua jina langu tu. Watoto wa njiani wanamwamkia, marahaba haitoki. Jirani mmoja alidiriki kusema, "Mzee siku hizi ana maringo." Nilimjibu, na sitarudia hapa nilivyomjibu.

Lakini kilichomuuma si marahaba. Mjukuu wetu alikuwa ameposwa na kijana wa Mikumi. Baba yake, mwanangu, tulishamzika, kwa hiyo walii, msimamizi wake wa ndoa, ni babu. Yeye ndiye wa kutamka, "Nimekuozesha mjukuu wangu fulani." Maalimu alikuja kumwambia taratibu, "Mzee wangu, unaweza kunipa mimi uwakili. Dini si nzito hivyo." Mzee akatikisa kichwa. Akajipiga kifua: mimi.

Binti daktari alikuwa amemwonyesha namna: vuta hewa kwa kibomba, kizibe kwa kidole kisafi, sukuma. Pumzi ikipata upenyo itapanda juu. Basi kila asubuhi anakwenda nyuma ya nyumba kujifunza. Namsikia, "Ni... Nime..." Kisha kikohozi. Siku moja alifika hadi "nimekuozesha", akaja mbio kunishika mkono, nusura nimwage uji.

Siku ya ndoa wanaume walikaa barazani, sisi wanawake ndani na bi harusi, pazia katikati. Nilichungulia. Mzee akashikana mkono na kijana wa watu. Kwa mkono wa kushoto akaziba kibomba.

"Nimekuozesha."

Neno likatoka! Bovu, la mchanga, lakini likatoka.

Akaachia, akavuta pumzi, akaziba. Midomo ikaenda, sauti hamna. Akaachia tena. Mishipa ya shingo imesimama, jasho linamshuka. Mjomba wa bwana harusi akasema, "Samahani, upande wetu hatujasikia jina." Hakusema kwa ubaya. Mzee akaziba mara ya tatu. Pumzi ikatoka fyuu kandokando ya kidole, kisha kikohozi, na makohozi yenye damu yakaruka kwenye kanzu.

Halafu akauchukua mkono wa maalimu, akauweka juu ya mkono wa kijana, yeye akautoa wake. Maalimu akaelewa, akatamka yote. Kijana akajibu amekubali.

Ndani wakapiga vigelegele. Bi harusi akaniuliza sikioni, "Bibi, ni babu aliyesema?"

"Ni maalimu, mama."

Akajifunika ushungi, akalia.

Mzee aliishi hadi tulipovuna mpunga. Kidole hakukiweka tena kwenye kibomba. Nikimwambia, "Jaribu, mume wangu, hata jina langu," anageukia ukutani.