Mafuta ya Mguu wa Plastiki

Kila nikifungua kopo la mafuta ya mgando asubuhi ya theluji, harufu yake hunirudisha sebuleni kwetu Scarborough, huku ughaibuni, ghorofa ya kumi na moja. Televisheni ilikuwa ikionyesha mashindano ya dunia ya michezo ya theluji kwa watu wenye ulemavu. Mwanamke mwenye mguu mmoja aliteremka mlimani kwa kasi, kisha akaanguka.

“Jamani, mwinueni!” mama alipiga kelele.

Hakuna aliyemwinua. Aliinuka mwenyewe, akaendelea.

Mama hakunitazama. Msimu mzima wa baridi alikuwa amenikataza kwenda kuteleza kwenye theluji na wenzangu, kwa sababu mguu wangu mmoja ni wa bandia. Sasa alileta kopo, maana kwetu mtoto hatoki nje na miguu iliyopauka. Alinipaka mguu mzima, kisha akaupaka na ule wa plastiki, polepole, mpaka ukang'aa.

“Haya, nenda. Nitakuwa dirishani.”

Huko chini watoto walikuwa wameshaondoka. Nilipanda kilima chao cha kutelezea peke yangu, nikageuka kutazama juu. Madirisha yalikuwa mengi, yote yamefanana, na sikujua letu ni lipi. Nikayapungia mkono yote.