Mwizi wa Maji ya Mfereji

Mimi napima unyevu wa udongo, ndiyo kazi yangu, na kiangazi hiki nimeweka vifaa katika kihamba, yaani shamba la nyumbani, cha mama yangu mdogo hapa Marangu. Mvua hakuna, lakini udongo wangu umegeuka tope. Utafiti unaharibika hivihivi nikiangalia. Nani asingekasirika?

Mkosaji nilimjua. Baba Aloyce, jirani wa chini, aling'oa mibuni kahawa ilipoacha kulipa, akapanda nyanya za kuuza Himo. Nyanya zinakunywa maji. Nikaamini anafungulia mfereji wetu wa pamoja siku isiyo zamu yake, nao unafurika ukipita kwetu. Hata kwenda kuziangalia hizo nyanya sikwenda.

Jumapili iliyopita, baada ya misa, nikasimama mbele ya wazee wa mfereji nikafoka. Nikasema mimi ni mtaalamu wa maji, na anayeuchezea mfereji atozwe mbuzi kama ilivyo desturi yetu, tena mnono.

Mwenyekiti akasema, "Basi mwanangu, tupande tufuate maji."

Tukapanda wote. Juu kidogo ya kihamba, mfereji ulikuwa umeziba na kuvunja ukingo, maji yanamwagika kwetu. Kilichouziba ni ubao wenye vipimo, umeshika majani ya migomba. Ubao huo niliutega mwenyewe wakati wa masika kupima mtiririko, nikausahau.

Hakuna aliyecheka, na hilo ndilo linaloniudhi zaidi. Baba Aloyce, ambaye nyanya zake zimekaukia shambani, akaniuliza kwa upole, "Huyo mbuzi mnono unamleta lini?"