Neema Hakuomba Radhi

Mwanangu Furaha, iko siku moja ambayo huwa inanirudia kila nikisikia mtu anasemwa kwa namna anavyolea watoto wake. Asubuhi hiyo mama mkwe wangu alitoka Soweto kwa teksi mpaka kwetu Bertrams, akaketi sebuleni na mkoba mapajani kama mtu asiyekusudia kukaa, akaniuliza kwa jina ambalo kwao huitwa mke wa mwana, "Makoti, leo ni Jumatatu. Mbona mjukuu wangu yuko nyumbani?"

Jana ulipokuja kwangu unalia, kwamba akina mama wa kanisani wanakucheka, wanasema Mkongo kama wewe utawafundisha nini wanao ndani ya chumba kimoja cha ghorofa la Hillbrow, sikukujibu sana. Nilikuacha ulie. Leo kaa nikueleze, maana mimi nilisemwa kabla yako, tena na watu wenye sauti kubwa kuliko hao.

Nilikuwa kijana. Mume wangu ni mzaliwa wa hapa aliyekimbilia Tanzania wakati wa mapambano dhidi ya ubaguzi wa rangi. Tulioana Morogoro, na nchi yake ilipofunguka akatuleta kwao, mimi na binti yetu Neema, niliyekuwa bado namnyonyesha. Bibi yake alimwita Nomusa. Maana ni ile ile, ila kwa Kizulu.

Alipofika umri wa shule tulimpeleka kwa furaha, na sare nilimshonea mwenyewe, kwa sababu kazi yangu ilikuwa kushona. Haukupita muda mwalimu akaniita. Akaniambia kwa upole, na upole ule ndio ulioniuma, kwamba niache kusema Kiswahili nyumbani kwa sababu kinamchanganya mtoto. Nikarudi, nikamwangalia Neema vizuri. Mtoto aliyekuwa akiimba hata bafuni alikuwa hasemi tena. Ukimsalimia kwa Kiswahili anatazama chini. Ukimwambia tusali, midomo inacheza bila sauti. Kumbe darasani wenzake walikuwa wakimwigiza anavyotamka maneno, na mwalimu akiwatazama tu.

Nikamtoa. Sikujificha. Nilikwenda kwa mkuu wa shule nikamwambia binti yangu atasomea nyumbani, kisha nikafuata taratibu za serikali mpaka nikakubaliwa. Asubuhi tulisali, tukasoma Neno, halafu tukafanya hesabu kwa tepu yangu ya kupimia, kwenye meza ile ile niliyokatia vitambaa. Kiswahili kilikuwa changu, Kizulu cha baba yake jioni, na Kiingereza tulikitafuta kwenye vitabu vya kuazima maktaba.

Hayo ndiyo aliyoyasikia mama mkwe wangu hata akaja asubuhi ile, na hakuwa mtu wa kuzungusha maneno.

"Mtaani kwangu watoto walipigwa risasi wakidai shule ya maana," aliniambia. "Nimewazika. Milango imefunguliwa juzi tu, na wewe unamfungia mjukuu wangu nje?"

Hilo, mwanangu, si neno la kujibu haraka. Lakini nilimjibu. Nikasema, "Mama, hawakufa ili mtoto huyu afundishwe kuionea aibu lugha ya mama yake."

Akanitazama sana. Kisha akauweka mkoba chini. "Endelea kufundisha," akasema. "Nataka kuona."

Akakaa mpaka mchana. Neema alisoma, akajumlisha, akasema sala yake bila kukosea, na mimi nilivimba kichwa kweli kweli. Nikaandaa chakula huku nikingoja sifa.

"Anasoma vizuri," mama alisema. "Lakini tangu asubuhi hajakuuliza swali hata moja. Hajakubishia. Ulimtoa kwa mwalimu aliyemnyamazisha, na sasa ananyamaza kwako. Tofauti iko wapi?"

Niliudhika. Niliosha vyombo kwa kelele ili asikie, naye akasikia, akaaga kwa heshima zake zote. Lakini maneno yake hayakuondoka naye. Kesho yake nikamwambia Neema kwamba akiona nakosea, aniambie. Ilichukua muda kuniamini. Halafu akaanza, eish, akaanza na hakuacha tena! Kwa nini tunafumba macho tukisali? Kwa nini wavulana wa shangazi hawaoshi vyombo? Kwa nini nimemwambia mteja kuwa gauni lake linakaribia kuisha wakati hata sijalikata? Kuna siku nilitamani yule mtoto wa kunyamaza arudi. Lakini ile sauti ya kuimba bafuni ilirudi, na hiyo ilinitosha.

Wakati huo tulikuwa tukisali katika kanisa moja la mjini, lenye wenyeji na wageni wa kila nchi. Jumapili moja mchungaji akatangaza kwamba kuanzia siku hiyo watoto wa wageni watakuwa na chumba chao kule nyuma, na watoto wa wenyeji watabaki katika ukumbi mdogo, kwa kuwa wazazi fulani wamelalamika. Watu wakaitikia amina. Neema, aliyekuwa na umri wa kama miaka kumi, akasimama kando yangu na kunyoosha mkono.

"Samahani, mchungaji. Baba yangu ni wa hapa na mama yangu ni Mtanzania. Mimi niende chumba gani?"

Mtu mmoja alicheka, akaacha. Mchungaji hakumjibu mtoto. Alinigeukia mimi.

"Haya ndiyo matokeo ya kumfungia mtoto ndani," akasema. "Hana adabu. Aje hapa mbele aombe radhi."

Mume wangu akaninong'oneza, "Mwambie tu aombe, twende zetu nyumbani kwa amani." Usimwone mwoga. Alikuwa amepigana miaka mingi, akachoka. Na Neema alikuwa ananiangalia mimi, hamwangalii mchungaji. Nikajua kwamba nikimpeleka mbele, masomo yetu yote yamekwisha siku hiyo.

Nikasimama. "Binti yangu ameuliza kwa heshima," nikasema. "Akijibiwa atashukuru. Radhi hataomba."

Gharama yake niliiona. Walinitoa kwenye umoja wa akina mama. Wateja wa kanisani wakapeleka vitambaa vyao kwingine. Dada mmoja tuliyezoea kusali pamoja alisimama nami kwenye robot, zile taa za barabarani, tukingoja kuvuka, akatazama magari mpaka mwisho kana kwamba hanijui.

Mama mkwe wangu alipopata habari, nilijua atasema, "Nilikwambia." Badala yake, Jumapili iliyofuata alikuja kanisani kwetu na sare ya akina mama wa kanisa lake mwenyewe, blauzi nyekundu na kofia nyeupe, akamshika Neema mkono, akapita naye katikati ya watu mpaka chumba cha watoto wa wageni. Akaketi kwenye kiti kidogo cha mtoto, yeye mwenyeji wa wenyeji. Shemasi alipomfuata kumwambia kuwa hapo si mahali pake, alimjibu kwa sauti iliyofika mpaka tulikokaa, "Mjukuu wangu aliuliza swali. Nimekuja kumjibu."

Baadhi ya wazazi wa hapa wakafuata mfano wake siku zile. Wengine hawakufuata kamwe.

Wala usidhani alinikubalia kuhusu shule. Mpaka anaugua alikuwa akiniuliza, "Makoti, lini unamrudisha?" Nami nilikuwa nikimjibu, "Bado, Mama," halafu tunakunywa chai.

Alipofika umri wa sekondari, Neema mwenyewe alisema anataka kwenda shule. Nilibisha, akanishinda kwa hoja, akaenda. Leo anafanya kazi hapa mjini, Braamfontein, wanawe wanasoma shule ya kawaida, na ananiambia usoni kuwa njia yangu si yake. Wapo wanaodhani hapo nimeumbuka. Nimeumbuka wapi? Ana imani yake, ana lugha yake, na ana mdomo wa kumkatalia hata mama yake.

Basi, mwanangu, kama umeamua kuwafundisha wanao nyumbani, wafundishe mchana kweupe. Fuata sheria, kajiandikishe, usiishi kama mwizi ndani ya nyumba yako. Wasemeshe Kiswahili chenu cha Bukavu bila kupunguza sauti. Lakini usiwafungie kwa sababu unaogopa dunia, maana hofu wataijifunza kabla ya hesabu. Waache washuke uani wacheze na wa jirani, wagombane, wapatane. Waache wakuulize, hata siku ambayo huna jibu, hata mbele ya wageni. Na yeyote akitaka mwanao aombe radhi kwa kusema kweli, awe mchungaji, awe mwalimu, awe mimi, simama wewe kwanza.

Mungu akupe uti wa mgongo na moyo laini pamoja. Awalinde wanao wanapopanda na kushuka ngazi za ghorofa lile, awape kumjua Yeye na kutomwogopa mtu. Inuka sasa, jifute uso. Watoto wanakungoja.