Nyuki wa Kansanga na Nyutrino za Furaha

Ile siku niliyokimbizana na nyuki hapa Kansanga naikumbuka vizuri, mjukuu wangu Furaha. Vita vilikuwa vimeisha juzijuzi, sukari haionekani dukani, na mimi nina mimba ya mama yako inayodai vitu vitamu tu.

Chemchemini nikaona nyuki anakunywa maji. Akaruka. Nikatupa ndoo, nikamfuata, nikapita katikati ya mashuka ya watu yaliyoanikwa, nikaangukia majimbi ya jirani. Mama mkwe wangu akacheka mpaka akashika kiuno.

"Banange, jamani! Huyo nyuki amekuibia nini? Hutamkamata. Tazama tu anaelekea wapi."

Akalaza fimbo chini kuonyesha njia ya yule nyuki. Tukahamia upande wa pili wa kilima, tukangoja mwingine, tukalaza fimbo nyingine. Wengine walitudanganya, walikuwa wanakwenda kwenye maua. Lakini njia mbili zilikutana kwenye nyumba tupu, wenyewe walikimbia vita. Darini, asali! Mtaa mzima ulilamba vidole.

Sasa jana ulikuja kibandani kwangu sokoni na uso umekunjamana. "Jaja, naacha utafiti huu. Tumepata nyutrino moja tu ya maana. Tumetazama ilikotoka, pamejaa nyota na makundi ya nyota, hatujui ni ipi. Wenzangu wananiambia nitafute kazi benki."

Benki! Mimi sikusoma, lakini ulivyonieleza nimeelewa: kitu kidogo kuliko vumbi, kinapenya dunia nzima, na mwili wangu huu mnene pia, bila kupiga hodi. Mara chache sana kimoja kinagonga barafu kule kusini kabisa mwa dunia, mwanga unawaka, nanyi mnajua upande kilikotokea. Huko juu kuna jambo kali linalokirusha, na hakuna anayelijua kwa hakika. Mjukuu wangu analitafuta! Nimewatangazia wauza samaki wote, wamechoka na mimi.

Basi sikia. Hiyo moja usiidharau, na usiilazimishe iseme isichosema. Iacheni ilipo kama fimbo yetu ya kwanza, ngojeni nyingine, na njia zao zikikutana waiteni wenye darubini haraka. Kukosa jina la nyota leo si sababu ya kuacha. Jumatatu urudi kazini, umenisikia?

Mungu akutunzie macho, akupe watu wa kucheka nao mkingoja. Na siku mtakapoliona hilo jambo, anza kunipigia mimi, wakubwa wako watasubiri.